Kwa Ithel wa Hafod Las: Habari za Cochen Ambazo Hatukukupa

Mwaka umeshazunguka, Ithel, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipokiweka kikombe cha chai juu ya ukuta wa zizi, ukajipapasa kifuani kama mtu anayetafuta miwani mfukoni, ukakaa chini kwenye majani. Dada yako Dilys alikuona kutoka mlango wa jikoni. Alidhani unaandika. Ulikuwa na tabia ya kukaa popote ukaandika, hata kwenye matope, kwa hiyo alirudi ndani akamalizia kumenya viazi. Alipotoka tena chai ilikuwa imepoa, na wewe vilevile.

Ulizikwa vizuri. Kanisa lilijaa mpaka nje kwenye mvua, watu wakaimba kwa sauti nne bila kuangalia vitabu, na mchungaji akasema mambo mengi mazuri juu yako ambayo Dilys aliyasikiliza kwa mshangao.

Lakini kuna jambo hujaambiwa. Kila Jumapili baada ya ibada Dilys amekuja kaburini kwako akakupa habari: za mvua, za magoti yake, za nani kamwoa nani na kwa nini. Habari moja amerudi nayo nyumbani kila mara. Ni ya farasi wako. Leo tunakuambia hapa, kwenye gazeti la bonde letu, mbele ya kila mtu anayekujua, kwa sababu pale kaburini tumeshindwa. Ila utuache kwanza tukukumbuke kwa utulivu, maana ukishasikia pengine hutapenda tena kukumbukwa na sisi.

Tunakumbuka koti lako la kijani, lenye mfuko mmoja wa penseli na mfuko mmoja wa karoti. Mara mbili kwa mwaka ulikuwa ukichanganya mifuko. Yupo farasi aliyetafuna penseli yako pamoja na nusu ya sura ya nne, ukaiandika upya, ukasema ile aliyoila ilikuwa bora zaidi.

Tunakumbuka ulivyoandika, zizini, juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini, kabla mtu hajakusemesha. Vitabu tisa, Ithel, na ndani yake hakuna mtu anayeoa wala anayeuawa. Farasi tu. Farasi amesimama, farasi anakunywa maji, upepo unageuka, farasi naye anageuka. Binti yako Luned alikuuliza akiwa bado na sare za shule, "Baba, kuna siku kitu kitatokea humu ndani?"

Ukamjibu, "Kimeshatokea. Ukurasa wa themanini. Amegeuka."

Watu wa mbali walikuwa wakikuandikia barua kukuuliza kwa nini unaandika kwa lugha yetu, wakati ungeandika kwa Kiingereza ukasomwa na dunia. Uliwajibu wote jibu moja, kwamba ungependa sana, lakini farasi wako hawakifahamu vizuri.

Dilys aliishia shule ya msingi. Mama aliugua, mtu akahitajika nyumbani, na aliyekuwa karibu na mlango siku hiyo ni yeye. Lakini kila ukurasa ulioandika ulimsomea yeye kwanza, jikoni, yeye akikata vitunguu vya supu. Akichoka aligonga sufuria kwa kijiko.

"Ithel, huyu farasi wako amesimama tangu juzi. Mkalishe."

"Farasi hakai, dada."

"Basi mruhusu ajikune."

Ulitoka umenuna. Kesho yake farasi alikuwa anajikuna kwenye jiwe, aya mbili nzima, na maprofesa wamesema hiyo ndiyo sehemu yenye uhai kuliko zote. Dilys hajawahi kuwaandikia maprofesa kuwaeleza ni nani aliyegonga sufuria.

Kiti chako cha mwaloni, kile ulichotuzwa kwa kushinda mashindano ya mashairi, kipo sebuleni na maandishi yake ya kuchonga. Dilys huweka juu yake nguo zinazongoja pasi. Wageni wakiomba kukikalia huambiwa wangoje mashuka yakunjwe. Ulipokuwa hai ulilalamika. Sasa hivi angependa mtu alalamike.

Na tunakumbuka yule mama aliyekuja kwa treni na basi na miguu, akiwa na kitabu chako cha tatu kifuani, akaomba aonyeshwe lile dume jeusi ambalo singa zake zinapepea kama moshi. Ulimpeleka mpaka getini. Dume lilikuwa limejaa matope mpaka machoni, tumbo kama pipa, linajisugua makalio kwenye nguzo. Yule mama alishika geti akalitazama lote. Halafu akasema, "Ni mzuri kuliko nilivyofikiri," akaanza kulia. Jioni hiyo ulimwambia Dilys kwamba huyo mmoja alikuwa amesoma kweli.

Sasa tufike kwa Cochen.

Huyo hatuhitaji kukueleza wewe, ila gazeti hili husomwa pia na wakwe na wapangaji. Cochen alikuwa jike la farasi wa mlimani, mwekundu, mfupi, mwenye paji jeupe lililopinda, na mkubwa kwa umri kuliko wote katika kundi letu la Mlima Carn. Babu yetu alikuwa na bibi wa bibi yake. Kitabu chako cha tano ni chake peke yake. Bonde zima lilikisoma, hata wale ambao maisha yao yote hawajasoma kitu kingine zaidi ya maelezo kwenye chupa ya dawa ya kondoo.

Humo uliandika kwamba kundi la Carn halishikwi na ua wala mbwa. Hakuna ua kule juu. Mama humfundisha mtoto: maji yasiyoganda yako wapi, ardhi inayomeza miguu iko wapi, upepo ukitoka mashariki mkimbilie upande gani. Yule mzee kuliko wote ndiye mwenye yote kichwani, na wengine humfuata. Kisha ukaandika sentensi moja ambayo Dilys aliipitisha bila kugusa sufuria. Uliandika kwamba ukimtoa huyo mmoja, umewaondolea wengine mlima chini ya miguu yao.

Sisi sote tuliisoma sentensi hiyo. Mchungaji aliisoma kwenye mazishi yako.

Wiki tatu baada ya kukuzika ikafika siku ya kuwakusanya farasi. Walikuja kama kila Novemba, majirani kumi na wawili, wengine juu ya farasi, wengine kwenye pikipiki za magurudumu manne, wakawateremsha wote mpaka zizi la mawe ili watoto watengwe na masikio yatiwe alama yetu. Dilys alikuja na kapu la vikeki vyake vya kuokwa juu ya bamba la chuma, bado vya moto. Ilikuwa mara ya kwanza wewe hupo, na kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida.

Cochen alikuwa na miaka ishirini na sita. Manyoya yalikuwa yamelowa na mbavu zilionekana. Tudur wa Pant-y-brwyn, ambaye umepakana naye mlimani tangu azaliwe, alimfungua mdomo akamtazama meno.

"Mzee huyu," akasema. "Lakini bado anatafuna. Tumwachie njia apande na wenzake."

"Apande aende wapi?" Dilys akamuuliza. "Hebu ona mbavu. Mtu anaweza kumpiga kama kinubi."

"Bi Dilys, na wewe tungeziona mbavu zako, tungekushusha?"

"Zangu huzioni na hutaziona, Tudur. Wengine walijaribu."

"Walijaribu wangapi?"

"Mmoja. Alikuwa na haraka ya basi."

Watu wakacheka. Walikuwa hawajacheka tangu mazishi. Kicheko hicho ndicho kilichotuponza, Ithel, maana baada yake hakuna aliyetaka kurudi kwenye ubishi.

Tudur peke yake alirudi. "Huyu ndiye anayewapeleka," akasema. "Ithel asingemshusha. Mnajua asingemshusha."

Luned alikuwa ameshika singa za Cochen kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamevimba. "Baba hayupo, Tudur," akasema. "Aliyebaki ni huyu."

"Kaandikiwa kitabu kizima," Dilys akaongeza. "Leo tumwache afie kwenye theluji kama kondoo wa mtu mvivu? Tutamwambia nini Ithel?"

Wakaanza kuitikia mmoja mmoja. Kweli. Amefanya kazi yake. Apumzike. Mchungaji, ambaye alikuja kwa ajili ya vikeki, akasema hata Mungu alipumzika siku ya saba. Bonde zima lilikuwa limemsoma Cochen, na bonde zima likamwonea huruma yule liliyemsoma.

Tudur alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna jibu humo, akaivaa tena. "Haya. Farasi ni wenu."

Akafungua geti. Majike kumi na tisa yakapanda. Cochen alibaki nyuma na kamba shingoni. Wale kumi na tisa walifika begani mwa mlima, wakasimama pale, wakageuka kutazama chini. Walisimama karibu saa nzima.

"Wanamuaga," Dilys akasema.

Hivyo ndivyo alivyosema. Tumeona heri ulijue neno lenyewe.

Tulimpa chumba kizuri kuliko vyote katika zizi, kile chako, tukaiondoa ndoo. Tulimpa shayiri, tulimpa uji wa pumba wa moto, tulimpa tufaha lililokatwa vipande kwa sababu ya meno. Luned alikuja kutoka Cardiff kila Jumamosi kumpiga brashi. Wasomaji walituma kadi za Krismasi kwa jina lake, na mmoja akatuma blanketi la bluu lenye herufi C kwenye kona. Akanenepa. Jumapili kanisani watu waliuliza, "Cochen hajambo?" kabla ya kuuliza Dilys hajambo, na Dilys alijibu kwa niaba ya wote wawili. Tulijisifu, Ithel. Tulikuwa tumekupoteza wewe na hapa palikuwa na kitu kimoja tulichokuwa tumekiokoa.

Theluji ilianza Januari siku ya Jumanne, asubuhi, nyembamba kama unga. Kufika mchana upepo uligeuka ukatoka mashariki, na haukugeuka tena kwa siku tatu.

Cochen alianza kupiga mlango.

Alipiga kwa kwato za mbele, akangoja, akapiga tena. Pua yake aliiweka kwenye upenyo wa mlango, upande ule ule upepo unapoingilia, akawa analia ile sauti ndefu ambayo majike huwaitia watoto. Dilys alivuka ua kwa kushika kamba ya kuanikia nguo ili asiangushwe.

"Nini tena, bibi wewe?" akamwambia. "Wenzio wako nje na meno yanagongana, wewe unapiga mlango wa hoteli."

Alidhani anaona baridi. Akamwekea blanketi la pili juu ya lile la bluu. Kisha akafunga na nusu ya juu ya mlango, akaziba upenyo kwa gunia, ili upepo usimfikie.

Siku ya pili Cochen alipiga tangu asubuhi mpaka jioni. Siku ya tatu akaacha. Dilys alimkuta amesimama kwenye kona, kichwa kimeangalia ukuta, hajagusa uji. "Umeona sasa?" akamwambia. "Hata wewe unazoea." Alirudi jikoni akiwa ameridhika, akapasha supu, akalala usingizi mzuri. Alituomba tuandike na hilo la usingizi.

Siku ya nne jua lilitoka. Tudur alikuja kwa miguu, theluji mpaka mapajani. Alifika mlango wa jikoni akainama akavua buti. Miaka hamsini na mbili mtu huyu ameingia jikoni kwetu na matope yake yote, akafokewa, akaomba radhi, akaingia nayo tena siku ya pili. Dilys alipoona soksi zake alivuta kiti akakaa.

"Wapi?" akamuuliza.

"Kwenye kona ya msitu, ukingoni mwa mlima. Pale ua wa misonobari unapopinda."

"Wamefanya nini huko? Huko hawaendi."

"Wamesukumwa na upepo, Bi Dilys. Waliupa mgongo wakawa wanakwenda tu, mpaka ua ukawazuia."

"Hawakwenda Cwm Clyd, kwenye kibonde chao cha kujificha?"

"Nimepita Cwm Clyd nikija. Chemchemi inatiririka. Majani yanaonekana. Hakuna hata unyayo mmoja."

Dilys alitazama mikono yake. "Wangapi?"

"Nimechimba, nimewafikia kumi na wanne."

"Na wale watano?"

Tudur aliziegemeza buti ukutani. "Wako hai," akasema. "Wamesimama juu ya wenzao. Ndiyo maana wako hai."

Angeweza kusema kwamba alituambia. Alikuwa na haki ya kusema, na Dilys alimsubiri aseme. Alimtazama usoni akingoja. Tudur aliomba tu maji ya moto ya kunawia. Kucha zake zilikuwa zimepasuka. Mpaka leo hajasema, na hatujui mtu analipa vipi kitu kama hicho.

Dilys alikwenda zizini. Alifungua mlango, nusu ya juu na nusu ya chini, akalitoa gunia, akamvua Cochen blanketi la pili na lile la bluu. Akamwambia. Alimwambia yeye kabla yako, kwa maneno machache, jina kwa jina, kumi na wanne. Farasi hajui majina, tunajua. Wewe mwenyewe ulituambia. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, halafu akageuka.

Sasa umejua. Lakini haikuishia hapo, na kwa kuwa tumeanza tutakumalizia.

Wale watano tuliwateremsha mpaka geti la mlima, na Tudur akawalisha majani makavu pale getini hadi Machi, maana hawakuwa na nguvu ya kutafuta. Aprili, majani yalipoota, tulisema tutengeneze tulichoharibu. Tulimtoa Cochen. Luned alikuja, Tudur alikuja, na Dilys alipanda na fimbo mbili, akipumzika kila baada ya hatua ishirini na kusingizia kwamba anatazama mandhari.

Tulimfungua kamba getini, karibu na wale watano. Alinusa mmoja mmoja. Kisha akapanda. Taratibu, Ithel, mguu wa nyuma ukivuta kidogo, lakini hakusita njiani hata mara moja. Alilizunguka tope lile jeusi kwa upande wa juu, kama ulivyoandika. Akapita kati ya mawe mawili, kama ulivyoandika. Akafika Cwm Clyd, akanywa. Akageuka akawaita.

Wale watano walikuwa wamesimama getini, wakitazama mikono ya Tudur kama ina majani.

Aliita tena. Dilys alivua aproni yake akaanza kuwafukuza nayo. "Nendeni," akawaambia. "Nendeni, wajinga nyie. Hamsikii mnaitwa?" Walikimbia hatua kumi, wakazunguka nyuma yake, wakarudi getini. Akawafukuza tena. Mwanamke wa miaka themanini na moja, anakimbiza farasi kwa aproni, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka. Mwishowe Luned alimshika kiunoni, akamwambia, "Shangazi, basi. Wamejifunza geti. Sisi ndio tuliowafundisha."

Cochen aliita mpaka alasiri. Halafu alishuka mwenyewe, peke yake, akawapita wale watano bila kuwatazama, akatutangulia njia yote ya kurudi nyumbani. Tulimkuta amesimama mbele ya mlango wa zizi, anangoja afunguliwe.

Alikufa Juni. Tulimzika Cwm Clyd. Tudur alichimba kwa mashine yake.

Watu wa mlima walikutana ukumbini. Mmoja akasema tulete farasi wengine kutoka milima ya kaskazini, wapo wengi na wana nguvu. Tudur akamwambia, "Utawaleta, na watakuuliza maji yako wapi. Utawaonyesha wewe?" Mkutano ukahamia kwenye suala la kupe.

Dilys alijaribu jambo moja la mwisho, na anajua utalicheka. Alichukua kitabu chako cha tano akapanda nacho mpaka getini. Akakisoma tena, safari hii mlima ukiwa mbele yake, kila ukurasa na mahali pake. Kila kitu kimo, Ithel. Chemchemi imo, tope limo, bega la mlima, mawe mawili, upepo wa mashariki na mahali pa kuukwepa. Hukusahau kitu. Mlima mzima uko mle ndani, umekaa vizuri, na unaweza kuuazima maktaba. Wale watano walimkaribia, wakakinusa, mmoja akajaribu kula jalada. Dilys akafunga kitabu. Watu elfu kadhaa wanaweza sasa kwenda Cwm Clyd bila kupotea, na hawana kazi yoyote huko.

Daftari lako la mwisho lipo na Luned. Wachapishaji wanalitaka. Wameomba tuongeze maneno machache mwishoni kuhusu kundi linavyoendelea. Luned ameandika mara tatu, na mara tatu amechana.

Mwaka huu hakutakuwa na siku ya kukusanya. Jumamosi hii lori litakuja kuwachukua wale watano. Wanakwenda kwa mwanamke mmoja pwani, kwenye nchi tambarare, ambako kuna ua pande zote nne na bomba la maji. Ni mwanamke mwema na amesoma vitabu vyako vyote tisa. Sasa hivi hilo la mwisho linatutia hofu kuliko kututuliza, lakini hatuna mwingine. Tudur alijitolea kulifungulia lori geti. Dilys amekataa, amesema aliyesababisha wafungiwe geti moja ndiye atakayewafungulia lingine.

Hatukuombi msamaha. Hukuwa mtu wa kusamehe haraka. Mara moja ulimnunia mtu miaka sita kwa sababu ya hatamu. Tulichotaka ni usisikie kwa mtu mwingine. Na tulitaka ujue kwamba tulifanya kwa ajili yako. Tulipenda ulichoandika kiasi kwamba hatukusikia kilichosema, na hatujui kama hilo linapunguza kosa au linaliongeza.

Wanaokukumbuka ni dada yako Dilys, anayetaka lawama yote iandikwe kwa jina lake kwa kuwa ndiye mkubwa. Binti yako Luned, anayekataa na kudai nusu yake. Mkwe wako Aneurin. Wajukuu wako Elan na Macsen, ambao wameambiwa ukweli. Binamu zako wa Tal-y-waun. Na Tudur wa Pant-y-brwyn, ambaye si ndugu kwa damu, lakini ndiye peke yake kati yetu aliyekusikia.

Hatutakusahau, Ithel, hata siku zile tutakazotamani. Kila asubuhi Dilys anavuta pazia la jikoni na Mlima Carn uko pale, wote, toka chini mpaka kileleni, na hakuna kitu kinachotembea juu yake.